Siku sitini za ng'ombe asiyekamuliwa

Ndugu wafugaji, wakamuaji, maofisa ugani, madaktari wa mifugo, na ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii: asanteni kwa kufika, na asanteni kwa kunipa nafasi ya kusema.

Tukikutana, mara nyingi tunamzungumzia ng'ombe anayekamuliwa. Anakula nini, anatoa lita ngapi, anakamuliwa saa ngapi. Yule aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa ili ajiandae kuzaa, hatumtaji. Tunamsogeza nyuma ya banda, tunampa makombo waliyoacha wenzake, tunamkumbuka siku uchungu unapomshika. Nimeomba leo tumzungumzie yeye peke yake, kwa sababu kiwele mtakachokamua baada ya kuzaa hujengwa, au huharibika, katika wiki hizo nane ambazo hakuna mkono unaokigusa.

Nitangulize sababu ya kumkausha, maana bado nawasikia wanaosema kwamba kumwacha ng'ombe miezi miwili bila kumkamua ni kupoteza maziwa. Ndani ya kiwele mna chembe hai zinazotengeneza maziwa, na baada ya miezi kumi ya kazi nyingi kati ya hizo zimechoka. Ukamuaji ukisimama, kiwele huzivunja zile kuukuu na kujenga mpya kwa ajili ya uzao ujao, kisha karibu na kuzaa huanza kutengeneza dang'a. Kazi hiyo haimaliziki kwa wiki mbili. Muda unaofaa ni kati ya siku 45 na 60. Ukimkausha zikiwa zimebaki pungufu ya siku 40, maziwa ya uzao unaofuata yatapungua, na zile lita ulizodhani umeziokoa utazilipa. Ukimkausha mapema mno, akakaa miezi mitatu au minne, atanenepa, na ng'ombe aliyenenepa kupita kiasi huzaa kwa taabu na huandamwa na maradhi baada ya kuzaa.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280. Kwa hiyo siku ya kumkausha iko karibu na siku ya 220 tangu alipopandishwa. Hesabu ni nyepesi, lakini asiyeandika tarehe ya kupandisha hawezi kuifanya. Daftari ndicho kifaa cha kwanza cha afya ya kiwele, kabla ya dawa yoyote.

Sasa niseme juu ya hatari. Wengi tunaona kwamba asiyekamuliwa hawezi kupata ugonjwa wa kiwele, kwa kuwa hakuna mkono mchafu wala mashine inayomgusa. Ukweli ni kinyume. Kuna vipindi viwili ambavyo bakteria huingia kwenye kiwele kwa wingi kuliko wakati mwingine: wiki mbili za mwanzo baada ya kukausha, na wiki mbili za mwisho kabla ya kuzaa. Kati ya hapo kiwele kimetulia na kina kinga nzuri.

Fikirini kinachotokea katika zile wiki mbili za mwanzo. Jana chuchu zilikamuliwa mara mbili, maziwa yakasafisha njia, mkamuaji akazichovya kwenye dawa. Leo vyote hivyo vimekoma kwa mara moja. Maziwa bado yanatengenezwa, kiwele kinajaa, shinikizo linasukuma mlango wa chuchu, pengine maziwa yanadondoka. Na maziwa yakiweza kutoka, bakteria anaweza kuingia. Mwili wa ng'ombe una ulinzi wake: ndani ya mfereji wa chuchu hujengeka kizibo cha keratini, kitu kinachofanana na nta, ambacho hufunga njia. Ila kizibo hicho hakijengeki usiku mmoja. Tafiti zilizokagua chuchu wiki baada ya wiki zimekuta kwamba baada ya wiki moja nyingi bado ziko wazi, na hata baada ya wiki sita kuna chuchu, takriban moja katika kila nne au tano, ambazo hazijafungika kabisa. Na ng'ombe aliyekaushwa akiwa bado anatoa maziwa mengi ndiye ambaye chuchu zake huchelewa zaidi kufunga.

Mwisho wa mimba mambo hugeuka tena. Kiwele kinavimba kwa dang'a, chuchu zinalegea, kizibo kinaachia. Katikati ya ukavu kiwele kilikuwa na laktoferini nyingi, protini inayoyashika madini ya chuma na kuwanyima bakteria kama E. koli chakula chao. Kuzaa kukikaribia, protini hiyo hushuka. Dawa uliyoweka siku ya kukausha nayo imekwisha nguvu. Na ng'ombe mwenyewe, kwa mzigo wa mimba na mabadiliko ya homoni, kinga yake ya mwili imedhoofika. Yote haya yanakutana katika siku zilezile, mara nyingi akiwa amelala kwenye sehemu chafu kuliko zote bandani.

Ubaya wa maambukizi ya wakati huu ni kwamba mengi hayaonekani. Bakteria anaingia, anakaa kimya. Ng'ombe anazaa vizuri, wiki ya tatu robo moja ya kiwele, yaani sehemu yenye chuchu moja kati ya nne, inavimba, maziwa yanatoka kama maji yenye mabonge, na lawama inamwangukia mkamuaji. Watafiti waliofuatilia aina zilezile za bakteria kutoka ukavu hadi ukamuaji walikuta kwamba karibu nusu ya ugonjwa wa kiwele unaoletwa na E. koli na jamaa zake katika siku 100 za mwanzo ulitoka kwenye robo zilizoambukizwa ng'ombe akiwa mkavu. Naomba mlibebe hilo mnaporudi kwenu, hasa wenye mabanda makubwa na wakamuaji wa kuajiriwa. Kabla ya kumkaripia kijana wa kukamua, nenda ukaangalie walipolala ng'ombe wakavu mwezi uliopita.

Basi tufanye nini? Kazi inaanza wiki mbili kabla ya siku ya kukausha.

Kwanza, jua hali ya kila robo. Maziwa ya robo moja ya kiwele hayaingii kwenye robo nyingine. Moja inaweza kuwa mgonjwa na tatu zikawa salama. Kipimo cha California, kile mnachokiita CMT, kilitangazwa na Schalm na Noorlander mwaka 1957 na mpaka leo ni rahisi na kinafanyika kando ya ng'ombe. Unakamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye sahani yake, unaongeza dawa ya kupimia kwa kiasi kilekile, unazungusha. Maziwa yakibaki majimaji, robo iko salama. Yakigeuka kuwa mazito, yakavutika kama ute, ndani kuna chembe nyingi za kinga zilizokimbilia kupambana na maambukizi. Andika: robo ya mbele kulia, ya nyuma kushoto, na kadhalika. Usiandike tu kwamba ng'ombe huyu mgonjwa. Wenye huduma ya maabara watapata idadi ya chembe kwa mililita. Zaidi ya 200,000 ni dalili kwamba pana maambukizi.

Pili, punguza maziwa. Mfugaji anayemkausha ng'ombe akiwa na lita 25 kwa siku anamtesa na kumfungulia mlango bakteria. Ondoa chakula cha nguvu hatua kwa hatua, mpe majani makavu zaidi, mpaka ashuke chini ya lita 15. Lakini maji usimnyime. Nalisema kwa nguvu kwa sababu desturi ya kumfungia ng'ombe maji ili akauke haraka bado ipo, na ni ukatili usio na faida yoyote. Asiye na maji huacha kula, na anabeba ndama tumboni.

Hapa huulizwa: tumkamue mara moja kwa siku kwanza, au tusimamishe moja kwa moja? Kwa ng'ombe wa maziwa machache, simamisha moja kwa moja. Kwa yule wa maziwa mengi ambaye chakula pekee hakijamshusha, kumkamua mara moja kwa siku kwa siku chache kunaweza kusaidia. Nisichokubali ni ile tabia ya kumkamua leo, kumwacha kesho, kumrudia keshokutwa kwa sababu kiwele kimejaa. Shinikizo la maziwa yaliyobaki ndilo linaloiambia mifuko ya maziwa isimame. Ukiliondoa, unaiambia iendelee, na kila mara unafungua upya chuchu iliyokuwa inajifunga. Siku ya kukamua mara ya mwisho ikifika, iwe ya mwisho kweli.

Siku hiyo nataka niikalie kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona madhara makubwa yakifanywa na watu wenye nia njema. Mrija wa dawa ya kukaushia, yaani antibiotiki inayowekwa ndani ya chuchu siku ya kukausha, ni kitu kizuri kikiingizwa kwa usafi. Kikiingizwa kwa uchafu, umechukua bakteria walioko nje ya chuchu ukawapeleka mahali ambako wasingefika kwa nguvu zao, kisha ukasimamisha ukamuaji ambao ungewatoa. Wapo ng'ombe waliokufa siku chache baada ya kukaushwa, na mwenye ng'ombe akailaumu dawa. Mara nyingi kilichoua ni uchafu kwenye ncha ya chuchu.

Kwa hiyo usikaushe ng'ombe katikati ya haraka za kukamua. Wakamue wengine wote umalize, halafu umrudie huyu ukiwa na muda. Kamua robo zote hadi ziishe. Osha mikono, vaa glavu mpya. Chuchu ziwe safi na kavu kabla hujashika pamba ya spiriti. Spiriti haisafishi kinyesi. Futa ncha ya kila chuchu kwa pamba yake mpaka pamba itoke nyeupe. Anza na chuchu zilizo mbali nawe, umalizie na zilizo karibu, ili mkono wako usipite juu ya chuchu uliyokwisha kuisafisha. Kwenye kuweka dawa geuza mpangilio: anza na za karibu. Ingiza ncha ya mrija kidogo tu, kama milimita tatu. Ukiuzamisha wote unakwangua keratini ile inayotakiwa kuziba mlango, na unasukuma uchafu ndani. Mrija mmoja kwa robo moja, usigawe. Wala usiuchovye kwenye ndoo ya maji moto ili dawa ilainike, kwa kuwa maji ya ndoo yana bakteria wake. Dawa ikishaingia, isukume juu kwa kuminya taratibu, kisha chovya chuchu zote kwenye dawa yake. Ng'ombe asimame mahali pasafi nusu saa hadi saa nzima kabla ya kulala.

Mwisho mtie alama mguuni ambayo kila mtu bandani anaifahamu. Akikamuliwa kwa bahati mbaya, maziwa yenye dawa yanaingia kwenye chombo kimoja na ya wengine. Angalia pia kibandiko cha dawa: kinaeleza siku za kusubiri kabla maziwa hayajatumiwa na watu. Ng'ombe akizaa kabla ya tarehe yake, siku hizo zinaendelea kuhesabiwa, hata kama dang'a imeisha na maziwa yanaonekana meupe kabisa. Na mrija wa ng'ombe mkavu usiutumie kwa anayekamuliwa; umetengenezwa ukae ndani kwa wiki nyingi.

Je, kila ng'ombe apewe antibiotiki? Hili lina historia. Miaka ya 1960, watafiti wa Uingereza walipendekeza mpango wa mambo matano dhidi ya ugonjwa wa kiwele, na mojawapo lilikuwa kumpa kila ng'ombe, katika kila robo, dawa ya kukaushia. Mpango ule ulifanya kazi kubwa. Streptococcus agalactiae, bakteria aliyekuwa akihama kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine wakati wa kukamua, alikaribia kutoweka katika mifugo mingi iliyoufuata. Lakini tangu hapo mambo mawili yamebadilika. Bakteria wanaotusumbua sasa ni wa mazingira zaidi: E. koli wa kwenye kinyesi, Klebsiella anayependa unga wa mbao, Streptococcus uberis wa kwenye majani ya kulalia. Na usugu wa bakteria dhidi ya dawa umekuwa tishio kwa watu na wanyama. Uholanzi ilizuia kuweka antibiotiki kwa ng'ombe wasio wagonjwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tangu tarehe 28 Januari 2022 sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza matumizi hayo ya mazoea.

Msimamo wangu ni huu. Robo iliyoambukizwa ipewe antibiotiki, na ukavu ndio wakati bora wa kuitibu: dawa inakaa muda mrefu, na hakuna maziwa ya kumwagwa. Ng'ombe ambaye robo zake zote ni safi, na hajaugua kiwele miezi ya karibuni, hahitaji antibiotiki. Anahitaji mlango ufungwe. Kwa huyo kuna dawa ya kuziba chuchu, yenye chumvi ya madini ya bismathi, ambayo haiui bakteria bali hukaa ndani ya chuchu kama kizibo mpaka siku ya kuzaa. Hii huisukumi juu. Unaminya shina la chuchu kwa vidole ukiingiza, ibaki chini, na ukishamaliza hukandi. Kwa kuwa haina uwezo wa kuua kitu, usafi wake lazima uwe mkali hata kuliko wa antibiotiki. Robo iliyoambukizwa unaweza kuipa vyote viwili, antibiotiki ikitangulia.

Ila naomba nieleweke: kuchagua nani apewe dawa kunahitaji vipimo na kumbukumbu. Mfugaji asiyepima na asiyeandika akiacha antibiotiki kwa wote, anabahatisha. Aanze na daftari na CMT, aketi na daktari wake wa mifugo, ndipo aamue. Na wapo ng'ombe ambao hakuna mrija utakaowasaidia: ng'ombe mzee mwenye Staphylococcus aureus kwenye robo mbili tatu, aliyetibiwa akarudia, akatibiwa tena akarudia. Huyo ni chanzo cha maambukizi kwa wenzake. Najua ni vigumu kumwondoa ng'ombe uliyemlea tangu ndama, lakini mwondoe.

Ng'ombe ameshakaushwa. Siku ya pili na ya tatu kiwele kitajaa, na mtu asiyezoea atatishika. Mwache. Kitalegea ndani ya wiki. Wajibu wako ni kumtazama kila siku kwa wiki mbili, ukisimama nyuma yake, ukilinganisha robo na robo, bila kuminya chuchu. Robo moja ikivimba peke yake, ikawa ya moto au nyekundu, au ng'ombe akaacha kula, hapo hakuna kusubiri: mwite daktari, robo ikamuliwe na itibiwe. Akipita hizo wiki mbili salama punguza wasiwasi, kisha uanze tena kumtazama kwa makini wiki mbili kabla ya kuzaa.

Mahali pa kulala ndipo penye vita yenyewe. Ng'ombe mkavu hulala kwa saa nyingi, chuchu zikiwa zimegusa chini. Matandiko yawe makavu na yabadilishwe; mchanga safi hauwalishi bakteria kama unga wa mbao mbichi unavyowalisha. Wasibanane. Sehemu ya kuzalia isiwe ileile mnayotengea ng'ombe wagonjwa. Zuieni nzi, kwa kuwa hubeba vimelea kutoka chuchu hadi chuchu, na mitamba wenye mimba huathirika vilevile. Ndama wanaonyonyana viwele watenganisheni, kwani wapo mitamba wanaofika siku ya kuzaa mara ya kwanza na robo iliyokufa. Na kivuli: ng'ombe aliyeteswa na joto wakati wa ukavu hujenga kiwele kidogo na hutoa maziwa machache uzao wote unaofuata, hata kama baada ya kuzaa utampatia kivuli na upepo.

Kuhusu lishe nitasema machache yanayogusa kiwele moja kwa moja. Chembe za kinga zinahitaji vitamini E na seleniamu. Ng'ombe mkavu anayekula majani makavu tu, yaliyokaa muda mrefu, hupungukiwa vitamini E. Kiwango kinachopendekezwa ni kama yuniti 1,000 kwa siku. Seleniamu ni miligramu 0.3 kwa kila kilo ya chakula kikavu, na hiyo msiizidishe kwa kukisia, maana ikizidi ni sumu. La pili ni kalsiamu. Misuli inayofunga mlango wa chuchu hutumia kalsiamu, kama misuli yote. Ng'ombe anayezaa akiwa na upungufu wake, hata kama hajaanguka kwa homa ya maziwa, chuchu zake hulegea na kubaki wazi. Kwa hiyo mchanganyiko wa madini wa ng'ombe mkavu ni tofauti na wa anayekamuliwa, msiwape kimoja. Unene wake ubaki wa wastani, 3 hadi 3.5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5. Msimkondeshe akiwa mkavu kwa kudhani mnarekebisha unene.

Akishazaa, kamua kwa mkono mara ya kwanza. Ikiwa uliweka dawa ya kuziba, minya shina la chuchu na uitoe yote. Vipande vyake hutoka kama dawa ya meno, na watu huvidhania mabonge ya ugonjwa wakakimbilia antibiotiki bure. Subiri mpaka dang'a iishe, siku ya nne au ya tano, ndipo upime tena kwa CMT, kwa sababu kabla ya hapo kipimo hudanganya.

Kisha fungua daftari ulinganishe na yale uliyoandika kabla ya kukausha. Robo zilizokuwa safi zikazaa zikiwa mgonjwa zinakuambia juu ya matandiko yako, nzi wako na mkono wako siku ya kukausha. Robo zilizokuwa mgonjwa zikabaki mgonjwa zinakuambia juu ya dawa yako na juu ya ng'ombe wa kuondoa. Katika ng'ombe kumi waliokaushwa wakiwa safi, ukipata zaidi ya mmoja aliyezaa na maambukizi mapya, usibadilishe dawa kwanza. Anza kwenye sehemu wanayolala. Nimemaliza, aliye na swali asimame tulijadili.